Uchambuzi wa kisa: kamba ya mita 50 kwenye mnara wa mita 25

Ni Jumamosi, saa sita kasoro dakika kumi mchana, chini ya Fischer's Tower katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Naivasha. Wapo marafiki wanne na kamba moja. Wa kwanza amekwisha kupanda, ameweka nanga (mikanda na pete za kushikilia kamba mwambani) karibu na kilele na kushushwa hadi chini bila taabu. Zamu ya pili ni ya dada mwenye uzito wa kilo 55. Anapanda vizuri, anapachika kamba kwenye nanga, anaita: "Nishushe!" Anashuka taratibu. Nyayo zake zikiwa bado kama mita 2 juu ya mawe, ncha ya kamba inachomoka kwenye kifaa cha breki cha anayemshikia kamba kutoka chini, inaruka hewani, na dada anaanguka. Anatua kwa mguu wa kulia juu ya jiwe lililoinama. Kifundo cha mguu kinavunjika.

Kisa hiki ni cha mfano. Watu wake wanne wametungwa, lakini mahali ni pa kweli, hesabu zake mtu yeyote anaweza kuzirudia kwa futi ya fundi, na ajali ya aina hii imetokea mara nyingi mno, katika nchi nyingi, kwa wageni na kwa mabingwa. Novemba 2019 Brad Gobright, mmoja wa wapandaji miamba mashuhuri wa Marekani, alifariki huko El Potrero Chico, Mexico, alipokuwa akishuka kwa kamba ambayo ncha yake haikuwa na fundo. Mtu wa kiwango chake hakukosa ujuzi. Ndiyo maana kisa kama hiki hakifungwi kwa neno "uzembe" na kuachwa hapo.

Mahali penyewe

Fischer's Tower hutajwa kuwa na urefu wa mita 25. Ni nguzo ya mwamba wa volkano iliyosimama peke yake karibu na lango la Elsa, kando ya barabara ya mbugani, na gari hufika karibu nayo. Ilipewa jina la Gustav Fischer, mvumbuzi wa Kijerumani aliyefika sehemu hizo mwaka 1883. Wamaasai wana simulizi yao ya zamani zaidi, ya msichana aliyegeuka kutazama nyuma alipokuwa akiondoka kwao, akawa jiwe. Pimbi wamejaa humo, na kwenye nyufa za miamba ya mbuga hii unaweza kukuta nyuki, kwa hiyo ukuta hutazamwa na kusikilizwa kwa dakika chache kabla ya mtu kuugusa.

Kwa kisa chetu, jambo muhimu ni umbo la mnara. Hauna njia ya kutembea hadi juu. Ni lazima mtu mmoja apande kwanza akiivuta kamba kutoka chini na kuipachika kwenye karabina (pete zenye mlango) za njiani, kisha aweke nanga juu ambayo kwayo yeye na wenzake watashushwa. Chini ya mnara ardhi si tambarare. Mtu akiondoka ukutani anateremka, na katika kisa hiki kivuli cha mgunga kilikuwa hatua chache chini ya mteremko. Kumbuka kivuli hicho.

Kamba ilivyokuwa kabla ya safari

Lebo ya kamba ilisema mita 50, unene wa milimita 10. Akili ya haraka inafanya hesabu na kuridhika: mnara una mita 25, kwenda 25, kurudi 25, jumla 50. Hapo mtego ulikuwa umekwisha kutegwa, kwa sababu kamba hiyo haikuwa tena na mita 50.

Kwanza, nailoni husinyaa. Kamba ikitumika, ikilowa, ikifuliwa na kukaushwa, nyuzi zake hujikaza na urefu hupungua. Kusinyaa kwa asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida kabisa. Hii ilikuwa imepoteza asilimia 3, yaani mita 1.5. Pili, ncha moja ilikuwa imechakaa. Ncha ndizo zinazofungwa, zinazobeba mshtuko wa kuanguka na kusuguliwa zaidi, hivyo mwenye kamba alikata mita 2.5 zilizolegea. Kukata ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba alikata upande mmoja tu, hakuandika urefu mpya popote, na hakuhamisha alama ya katikati.

Kwa hiyo kamba iliyoingia kwenye buti la gari ilikuwa na mita 46, na alama yake nyeusi ya "katikati" ilikaa mita 24.25 kutoka ncha nzima na mita 21.75 kutoka ncha iliyokatwa. Alama ya katikati ndiyo inayomwambia mshika kamba: ikipita mikononi mwako kabla mpandaji hajafika juu, kamba haitoshi kumrudisha chini. Alama iliyohama ni mbaya kuliko kutokuwa na alama, maana isiyokuwepo haimdanganyi mtu.

Kupima kamba ni kazi ya dakika tano, na hakuhitaji chombo. Pima ya wazee wetu, mikono miwili ikinyooshwa, bado inafaa. Ipime pima yako mara moja kwa futi, kwa sababu si watu wote wana mikono sawa, kisha ipitishe kamba yote mikononi ukihesabu. Kwa mtu mwenye pima ya mita 1.8, kamba ya mita 50 itatoa karibu pima 28. Hii ingetoa 25 na nusu, na safari ingekuwa na kamba nyingine.

Hesabu ya aliyefika chini

Kaka mwenye kilo 80 ndiye aliyepanda wa kwanza. Alijifunga kwenye ncha nzima, si ile iliyokatwa. Hilo lilitokea kwa bahati tu, maana ndiyo ncha iliyokuwa juu ya fungu. Nanga aliiweka mita 24 kutoka chini. Kutoka kiunoni mwa mshika kamba, aliyesimama pale pale chini ya ukuta, hadi kwenye nanga ni mita 23. Fundo la nane (lenye umbo la namba 8) la kujifungia hula karibu mita 1. Jumla ni mita 24, na alama ya katikati ilikuwa kwenye mita 24.25. Mshika kamba aliiona alama imesimama karibu na kifaa chake, haijapita, akaona mambo ni sawa. Kwa alichokiona, alikuwa na haki. Alama ndiyo iliyosema uongo.

Wakati wa kumshusha, hesabu ni hii: mita 23 kutoka nanga hadi kiunoni mwa mpandaji aliyefika chini, mita 23 kutoka nanga hadi kiunoni mwa mshika kamba, na mita 1 ya fundo. Jumla 47. Kamba ni 46. Basi mbona alifika?

Alifika kwa sababu kamba ya kupandia hunyumbuka. Kanuni ya Ulaya, EN 892, inaruhusu kamba ya aina hii kurefuka hadi asilimia 10 ikibeba kilo 80 zilizotulia, na nyingi hurefuka asilimia 7 hadi 9. Upande wa mpandaji hubeba uzito wote. Upande wa mshika kamba hubeba pungufu, kwa kuwa msuguano kwenye karabina ya juu humeza sehemu. Kwa kilo 80, pande zote mbili kwa pamoja ziliongeza karibu mita 2.5. Kaka akatua, na nyuma ya kifaa cha breki kulibaki kama mita 1.5 za kamba zilizolala kwenye nyasi. Hakuna aliyezitazama. Alipojifungua, kamba ilijivuta na kurudi juu kidogo, na dalili ya mwisho ikapotea.

Hapa ndipo kisa hiki kinapofundisha zaidi. Mtu wa kwanza kushuka salama si jaribio la urefu wa kamba. Ni jaribio la urefu wa kamba kwa uzito wake yeye na kwa mahali alipokuwa amesimama mshika kamba. Badilisha kimoja tu, na jibu linabadilika. Hapa vilibadilika vyote viwili.

Hesabu ya aliyeanguka

Kabla ya zamu ya pili kamba ilivutwa chini ili dada naye aipachike mwenyewe akipanda, na jua lilikuwa utosini. Aliyeshika kamba alibadilishwa, na mshikaji mpya, kijana aliyekuwa na miezi michache tu ya kupanda, akasogea kwenye kivuli cha mgunga. Alisimama mita 6 kutoka ukutani na mita 2 chini zaidi kwa kimo.

Wengi wakisikia hivyo hulaumu zile mita 6. Zipimwe. Kama ardhi ingekuwa tambarare, kusogea mita 6 kungeongeza urefu wa kamba upande wake kutoka mita 23 hadi mita 23.8 tu, kwa sababu kamba inapita mshazari wa pembetatu ndefu na nyembamba. Si hata mita 1. Mteremko ndio ulioimeza kamba. Ukishuka mita 2 kwa kimo, nanga inakuwa mita 25 juu ya kiuno chako badala ya 23, na mshazari unafika mita 25.7. Hatua chache za kutafuta kivuli ziligharimu mita 2.7 za kamba.

Na dada ana kilo 55. Uzito wake ulirefusha kamba kwa kama mita 1.8, si 2.5. Basi: 23 kujumlisha 25.7 kujumlisha 1 ya fundo ni 49.7. Toa 1.8 za kunyumbuka, inabaki 47.9. Kamba ina 46. Pengo ni karibu mita 2, na mita 2 ndizo alizoanguka.

Kwa nini hakuna aliyeiona ncha ikija

Mshika kamba anafundishwa kumtazama mpandaji anapomshusha, na mafunzo hayo ni sahihi. Macho yako juu, mkono wa breki uko chini nyuma ya nyonga, kamba inapita. Ncha inatoka kwenye nyasi nyuma yake na kufika mkononi ndani ya sekunde moja au mbili za mwisho. Kumtaka mtu huyo aone vyote viwili ni kumtwisha kazi ambayo mwili wa binadamu hauiwezi. Ndiyo maana jibu la "angalieni zaidi" halifai. Kinachofaa ni kitu kinachoizuia kamba hata kama hakuna anayeitazama.

Kifaa cha breki hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kile cha kawaida cha mrija wenye matundu mawili. Kama kingekuwa GriGri au kifaa kingine chenye kujibana chenyewe, matokeo yangekuwa yale yale. Vifaa hivyo hubana kamba iliyomo ndani yake, na ncha ikishapita hakuna cha kubana.

Kuna na sababu ya kibinadamu, nayo ni nzito kuliko inavyosemwa. Kundi la marafiki halina kiongozi aliyetangazwa. Kaka mwenye kamba alidhani wamekwisha kufunga fundo kwenye ncha ya kamba, mshika kamba wa kwanza alidhani hiyo ni kazi ya mwenye kamba, na kijana wa mwisho, aliyejifunzia kwenye ukuta wa ndani ambako kamba hukutwa zimening'inia tayari na ni ndefu kupita mahitaji, hakujua kwamba ncha ya pili ni jambo la kuangaliwa. Hata angejua, kumuuliza mkubwa wake "kaka, umefunga ncha?" kungeonekana ni kama kumtilia shaka. Heshima ni kitu kizuri, ila chini ya ukuta mdogo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza, na mkubwa ndiye anayepaswa kumwomba aulize. Kikundi kinachotaka kudumu kifanye swali hilo liwe sehemu ya ukaguzi wa kila zamu: hanesi (mkanda wa kiunoni na mapajani), fundo la mpandaji, kifaa na karabina iliyofungwa, ncha ya kamba. Vitu vinne, kwa sauti, kila mara, hata kama ni mtu yule yule kwenye njia ile ile. Ukaguzi wa kundi hili uliishia kwenye vitu vitatu.

Fundo

Njia bora kwa safari za aina hii ni mshika kamba mwenyewe kujifunga ncha ya pili. Anapitisha fundo la nane kwenye hanesi yake kama anavyofanya mpandaji. Ncha haiwezi tena kupita popote, na fundo linakaguliwa kwa jicho lile lile linalokagua la mpandaji. Njia hii ina faida moja kubwa: huwezi kuisahau unapobadilisha mshika kamba, kwa sababu mtu mpya anaona kwamba hajafungwa.

Njia ya pili ni fundo la kuzuia. Acha kama mita 1 mwishoni mwa kamba, izungushe ncha mara tatu kuizunguka kamba yenyewe, mizunguko ikirudi kuelekea kidole gumba chako, kisha pitisha ncha ndani ya mizunguko yote mitatu na uvute pande zote mbili mpaka likaze kama pipa dogo. Mkia unaobaki uwe na sentimita 30 au zaidi. Mkia mfupi ndio unaosababisha fundo kufunguka lenyewe kamba inapokokotwa kwenye nyasi na mawe. Fundo lililolegea ni sawa na fundo ambalo halikufungwa, kwa hiyo likaze kwa mikono miwili, usilivute kwa vidole.

Wengine hufunga ncha kwenye kitanzi cha mfuko wa kamba. Inafaa, mradi lile ni fundo la kweli na si pindo la haraka, na mradi mtu asilifungue kwa ajili ya kutandaza kamba upya.

Sasa rudisha kisa nyuma kwa dakika moja na uweke fundo. Dada anashuka, kamba inaisha, fundo linagonga kifaa cha breki na kusimama. Ananing'inia mita 2 na kitu juu ya ardhi, kwa kuwa fundo nalo limekula kamba kidogo, ameshtuka, mzima. Anaita, "Mbona umesimama?" Mshika kamba anatazama chini, anaona fundo. Anatembea kupanda mteremko hadi chini ya ukuta huku mkono wa breki haujaachia, na zile mita 2.7 zilizoliwa na kivuli zinarudi zote. Dada anatua.

Baada ya kuanguka

Mita 2 si nyingi, lakini mtu hakujiandaa kuanguka, na mawe hayana huruma. Kabla ya mguu kuna mgongo na kichwa. Aliyeanguka aachwe kama alivyo, aulizwe anaumia wapi, kama anahisi ganzi mikononi au miguuni, kama shingo au uti wa mgongo unauma akiguswa. Ikiwa jibu lolote ni ndiyo, hasogezwi mpaka wafike watu wenye machela. Ikiwa ni kifundo tu, kiatu cha kupandia hulegezwa na kuvuliwa mapema, au kukatwa, kwa sababu viatu hivi huvaliwa vikibana na mguu ulioanza kuvimba hautakuwa na nafasi ndani yake. Kisha vidole vya mguu vikaguliwe: vina joto, vina rangi, vinahisi mguso? Mguu ushikizwe ulivyo kwa mkeka wa sponji uliokunjwa kuuzunguka kutoka chini ya goti hadi chini ya wayo, ukafungwa kwa kitambaa au mikanda ya nailoni ya kupandia, bila kunyooshwa kwa nguvu. Vidole vikaguliwe tena baada ya kufunga, na tena njiani.

Taarifa ipelekwe langoni kwa askari wa wanyamapori. Uzuri wa Fischer's Tower ni ukaribu wake na barabara, kwani mtu mmoja anaweza kwenda langoni, wawili wakabaki na majeruhi, na gari likasogezwa. Hospitali ziko Naivasha mjini. Kwenye kuta za ndani zaidi za mbuga, ajali hii hii ingemaanisha kumbeba mtu mawe kwa mawe.

Nanga iliyobaki juu ni swali la pili, na kundi lenye hofu hukosea hapo. Kamba imelala chini, karabina na mikanda vimebaki juu ya mwamba. Viachwe. Hakuna kifaa kinachostahili kupandiwa na mtu ambaye mikono yake bado inatetemeka.

Kamba yenyewe haikuharibiwa na tukio hili, kwa kuwa haikubeba mshtuko wowote. Ikatwe upande wa pili mita 2.5, ili alama irudi katikati kwa kweli. Zungushia utepe, kata katikati ya utepe kwa kisu kilichopashwa moto, yeyusha ncha hadi nyuzi zishikane. Itabaki na mita 43.5. Iandikwe namba hiyo kwa wino usiofutika juu ya utepe, kwenye ncha zote mbili, pamoja na tarehe. Kwa nanga za hadi mita 18 kutoka chini itaendelea kufanya kazi vizuri ikiwa na ziada ya kutosha. Kwa Fischer's Tower ichukuliwe kamba ya mita 60, nayo ifungwe ncha.